Mapo tofu, mayai ya chumvi na pidan: jinsi ya kupika vyakula vya majimbo ya China nyumbani

Mapo tofu, yaani tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) katika mchuzi mwekundu wa pilipili, huiva kwa dakika kumi na tano. Maharage yanayoipa ladha yamekaa mtungini mwaka mzima, pengine zaidi, yakipigwa na jua mchana na kukorogwa kila mara. Ndivyo vilivyo vyakula vingi vya majimbo ya China ambavyo mgeni huviona vya ajabu: mtungi, chumvi, chokaa na siku vimeshafanya kazi, jiko linakuja kumalizia. Kwa hiyo tutakaa sana dukani na kwenye mtungi kabla ya kufika kwenye karai. Ukinunua kiungo kisicho chenyewe, hakuna ufundi wa moto utakaokuokoa.

Vyakula vyote vilivyomo humu vinapikika bila nguruwe na bila pombe. Hata mapo tofu ya Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan, asili yake ni nyama ya ng'ombe. Nguruwe imeingia baadaye.

Kabla ya kupika: unachotafuta dukani

Miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi ina maduka ya Wachina, na makopo yao mara nyingi yameandikwa Kichina kitupu. Hifadhi maandishi haya kwenye simu uyalinganishe na kopo lililo mkononi.

郫县豆瓣 ni douban ya Pixian, eneo ambalo leo ni wilaya ya Pidu katika jiji la Chengdu. Ni rojo la maharage mapana (jamii ileile Waarabu wanayopikia ful), pilipili nyekundu ndefu, chumvi na unga wa ngano. Maharage huoteshwa ukungu kwanza, kisha hulazwa kwenye maji ya chumvi, halafu huchanganywa na pilipili zilizotiwa chumvi. Mitungi huachwa wazi jua likiwaka, hukorogwa, na hufunikwa mvua ikija. Utakuta aina mbili: ya mafuta mekundu (红油豆瓣), ambayo ni changa na yenye rangi kali, na ile iliyokaa muda mrefu, kahawia iliyokolea, yenye harufu nzito. Kwa mara ya kwanza chukua ya mafuta mekundu. Ukizipata zote mbili, changanya nusu kwa nusu: changa inatoa rangi, kongwe inatoa kina.

Geuza kopo usome viungo. Ukiona sukari, au ukiona soya badala ya maharage mapana, hiyo ni sosi ya mtindo wa kusini, ya Guangdong au Hong Kong. Haina ubaya wowote kwenye mchuzi mwingine, ila mapo tofu yake itatoka tamutamu na nyepesi. Mbadala wa kweli wa douban ya Pixian haupo. Asiyeipata apike tofu yake kwa pilipili na nyanya, italiwa vizuri, lakini asitegemee ladha inayoelezwa hapa.

豆豉 ni douchi, soya nyeusi zilizochachushwa kwa chumvi. Nunua za mfuko, kavu kiasi na laini ukizibonyeza, si zile zilizokwisha kuchanganywa na mafuta na pilipili.

花椒 ni huajiao, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Si pilipili manga, wala si pilipili. Ni ganda la tunda dogo la mti wa familia ya michungwa na milimao, na halichomi: linatia ganzi midomo na ulimi, kwa sababu ya kemikali iitwayo sanshuli. Mti wenyewe ni ndugu wa karibu wa mjafari wa pwani yetu, ule wenye miiba minene kwenye shina. Yote miwili ni ya jenasi Zanthoxylum. Undugu huo usikushawishi kutia mjafari kwenye sufuria: kwetu ni mti wa dawa, na ladha yake si hii.

Huajiao nzuri ni nyekundu, maganda yamepasuka, mbegu nyeusi ni chache na vijiti ni vichache. Inayosifiwa zaidi hutoka Hanyuan, Sichuan. Jaribio lake ni rahisi: tafuna ganda moja kwa meno ya mbele, usubiri nusu dakika. Midomo isipoanza kutetemeka, mzigo umezeeka. Nunua nzima, kamwe usinunue ya unga, maana ikishasagwa nguvu yake huondoka kwa wiki chache. Iweke kwenye chupa inayofunga vizuri, mbali na joto la jiko.

Anayejali halali atafute 清真 kwenye kopo au mlangoni mwa mgahawa. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou wanayafahamu maandishi hayo kwenye migahawa ya tambi za Lanzhou ya Waislamu wa Kihui. Neno la kuepuka kwenye orodha ya viungo ni 猪, nguruwe. Pombe huandikwa 酒.

Tofu: ya kununua au ya kutengeneza

Kwa mapo tofu unataka tofu laini inayotikisika lakini inayokatika vipande bila kumeguka. Ya kwenye kiboksi, ile laini kabisa, inafaa kwa mkono uliozoea. Tofu ngumu ya kukaanga haifai: mchuzi hauiingii, na raha ya chakula hiki ni tofu kuteleza mdomoni.

Mahali ambapo tofu haipatikani, soya ipo. Loweka gramu 300 za soya kavu usiku kucha, saa 8 hadi 10. Kwenye joto kali badilisha maji mara moja ili zisianze kuchacha. Zimwage maji, zisage kwenye blenda kwa mafungu ukitumia jumla ya lita 1.8 za maji safi. Chuja kwa kitambaa safi, ukamue kwa nguvu. Bandika maziwa hayo kwenye sufuria kubwa, usiyaache peke yake. Povu hupanda ghafla kabla maziwa hayajachemka kweli, na wengi huepua hapo wakidhani yameiva. Punguza moto, koroga hadi chini, yachemke taratibu dakika 10 kamili. Soya isiyoiva ina kemikali zinazozuia tumbo kumeng'enya protini, na inasumbua tumbo.

Epua, yapoe dakika tano hivi. Changanya mililita 60 za maji ya limau na mililita 120 za maji, mimina theluthi, koroga mara mbili tu kwa mwiko, mimina zilizobaki juujuu kwa awamu mbili, funika dakika 15. Utaona mabonge meupe na maji ya manjano yanayong'aa. Maji yakibaki meupe kama maziwa, ongeza kijiko kimoja cha maji ya limau usubiri tena. Teka mabonge kwa upawa, usiyavuruge, uyaweke kwenye chujio lililotandikwa kitambaa. Funika, weka uzito wa nusu kilo juu kwa dakika 15 hadi 20. Ukizidisha uzito au muda, unapata tofu ngumu. Tofu ya limau ina uchachu kidogo na hukatika kwa urahisi zaidi ya ile ya Sichuan, inayogandishwa kwa jasi ya daraja la chakula. Jasi ya ujenzi usiiguse. Ina mchanganyiko usiofaa kuliwa.

Mapo tofu

Chakula hiki kinahusishwa na mgahawa wa ukoo wa Chen, karibu na daraja la Wanfu, kaskazini mwa Chengdu, mwaka 1862. Mpishi wake alikuwa mke wa mwenye mgahawa, mwanamke mwenye makovu ya ndui usoni, na husimuliwa kwamba wateja wake wakubwa walikuwa wachukuzi wa mafuta ya kupikia. Hilo la mafuta ukilikumbuka hutashangaa kiasi kilichomo humu. Mafuta ndiyo yanayobeba rangi na harufu ya douban na kukifanya chakula kikae moto hadi tonge la mwisho. Anayeyapunguza hadi kijiko kimoja anabaki na uji wa tofu.

Kwa watu watatu au wanne, pamoja na wali mweupe usio na nazi:

- tofu laini, gramu 450 hadi 500
- nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye mafuta kidogo, gramu 100
- mafuta ya kupikia, vijiko 5 vya chakula (Sichuan hutumia mafuta ya mbegu za rapa, ya alizeti yanafaa)
- douban ya Pixian, vijiko 2 na nusu vya chakula
- douchi, kijiko 1 cha chakula
- pilipili ya unga nyekundu isiyo kali sana, vijiko 2 vya chai
- tangawizi iliyokatwa ndogo sana, kijiko 1 cha chakula
- kitunguu saumu, punje 3, zikatwe ndogo sana
- supu ya mifupa isiyo na chumvi, au maji, mililita 250
- sosi ya soya, kijiko 1 cha chai
- sukari, nusu kijiko cha chai
- wanga wa mahindi au wa viazi, vijiko 4 vya chai, ukorogwe na vijiko 4 vya chakula vya maji baridi (huu ni ule wanga mweupe laini wa kuzitishia mchuzi, si unga wa sembe)
- huajiao, vijiko 2 vya chai vya maganda mazima
- majani mabichi ya kitunguu saumu, au vitunguu vya majani, kiganja kimoja

Anza na huajiao. Toa mbegu nyeusi na vijiti. Mbegu hazina ladha na zinakwaruza meno kama mchanga. Kaanga maganda bila mafuta kwa moto mdogo kabisa, dakika 2 hadi 3, ukitikisa kikaango muda wote, mpaka harufu ya ganda la limau ikujie. Moshi ukianza kutoka umeshachelewa, tupa uanze upya. Twanga kwenye kinu, kisha pitisha kwenye chujio la chai, maana ngozi ya ndani ya ganda ni nyeupe na haitwangiki. Unga utakaopata ni kama kijiko kimoja cha chai.

Kata tofu vipande vya sentimita 2. Chemsha lita moja ya maji na kijiko 1 cha chai cha chumvi, punguza moto mpaka maji yanatikisika tu, telezesha tofu ndani. Iache dakika 5 hadi 8, na ikae humohumo mpaka utakapoihitaji. Chumvi na joto hukaza uso wa tofu ili isivunjike, hutoa harufu ya soya mbichi, na tofu inaingia kwenye karai ikiwa ya moto. Tofu baridi hupoza mchuzi, ukaanza kuichemsha upya na kuikoroga, na hapo ndipo inapovunjika.

Katakata douban kwenye ubao mpaka iwe laini, kwani ina ngozi za pilipili na nusu za maharage. Suuza douchi haraka, uzikatekate kidogo.

Pasha karai liwe la moto sana, tia mafuta, kisha nyama. Itenganishe kwa mwiko na uendelee kukaanga, dakika 4 hadi 5. Mwanzoni utasikia mchemko wa maji yanayotoka kwenye nyama. Maji yakiisha sauti hubadilika, inakuwa ya kupasukapasuka, kavu, na mafuta ambayo yalikuwa na ukungu yanakuwa safi. Hapo nyama imekauka na ina ukakamavu menoni, jambo ambalo watu wa Chengdu hulidai: punje ndogo kavu juu ya tofu laini.

Punguza moto uwe mdogo. Hatua hii ndiyo inayoamua chakula kizima, usiwe na pupa. Tia douban, ukaange taratibu dakika 2 mpaka mafuta yawe mekundu ndu na harufu kali ya chumvi igeuke kuwa ya kunukia. Ongeza douchi, tangawizi na saumu, sekunde 30. Mwisho pilipili ya unga, koroga sekunde 10 tu, na mimina supu papo hapo. Pilipili ya unga kwenye mafuta ya moto huungua ukigeuka kuangalia kitu kingine, na uchungu wake hauondoki.

Tia sosi ya soya na sukari. Usitie chumvi, douban na douchi zimejaa chumvi, utaonja mwisho. Supu ikichemka, chuja tofu vizuri uiingize. Sukuma kwa mgongo wa upawa kutoka ukingoni kwenda katikati, usikoroge. Iache itokote dakika 4 hadi 5.

Wanga unatiwa mara tatu. Ukoroge upya, mimina theluthi, sukuma tofu, subiri kama dakika moja. Mimina theluthi ya pili, subiri tena. Ya tatu, kisha ongeza moto nusu dakika. Tofu huendelea kutoa maji kadiri inavyopata joto, kwa hiyo wanga wa mara moja hushika vizuri karaini na kulegea mezani. Tia majani ya kitunguu pamoja na theluthi ya mwisho. Mchuzi uliofika unang'ang'ania kila kipande, na mafuta mekundu yanajitenga pembeni. Pakua kwenye bakuli lililopashwa moto, nyunyiza nusu ya huajiao juu, na nyingine iwekwe mezani kwa anayetaka zaidi. Kwa wageni wasioizoea, nusu inatosha kabisa.

Ikiharibika

Mchuzi ukiwa maji baada ya dakika tano, ama tofu haikuchujwa, ama wanga haukuiva. Wanga ulioiva huwa wa kung'aa; wenye weupe wa maziwa bado. Rudisha kwenye moto mkali dakika moja kabla hujaongeza mwingine.

Rangi ikiwa ya kahawia badala ya nyekundu, douban ilikaangwa kwa moto mkubwa au mafuta yalikuwa machache. Hakuna marekebisho, andalia wakati ujao. Uchungu una asili mbili, na unaweza kuzitofautisha kwa ulimi: wa pilipili iliyoungua unakaa kooni, wa huajiao iliyoungua unakaa mbele ya ulimi pamoja na ganzi.

Chumvi ikizidi, ongeza tofu, usiongeze maji. Maji yatavuruga mafuta na wanga kwa pamoja.

Douban iliyobaki ihamishie kwenye chupa ya kioo, isawazishe juu, mimina mafuta ya kupikia kufunika uso wake, iweke kwenye friji. Chota kwa kijiko kikavu siku zote.

Mayai ya bata ya chumvi

Gaoyou, jimbo la Jiangsu, ni mji unaojulikana China nzima kwa mayai haya. Kiini chake ni cha rangi ya chungwa na hutoa mafuta ukikichoma kwa kijiti. Kitu hiki kinatengenezeka popote palipo na bata na chumvi, na tunakishauri kwa anayeanza kuliko pidan, lile yai jeusi tutakalolifikia mbele.

Chukua mayai 10 hadi 12 ya bata, mabichi kabisa. Yagonganishe mawili mawili polepole ukisikiliza: yai zima lina mlio mkavu, lenye ufa lina mlio wa kukwaruza. Ufa mmoja usioonekana huozesha mtungi mzima. Osha kwa maji na brashi laini, yaache yakauke kabisa.

Chemsha lita moja ya maji na gramu 250 za chumvi mpaka iyeyuke, pamoja na kipande cha tangawizi na kijiko cha huajiao ukipenda. Ipoe kabisa, maji ya moto huanza kuivisha yai kwa ndani. Panga mayai kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto, mimina maji ya chumvi. Mayai yataelea, na yanayochungulia juu hayashiki chumvi. Yakandamize kwa mfuko safi wa plastiki uliojazwa maji ya chumvi yaleyale. Funika, andika tarehe, weka penye kivuli.

Kwenye ubaridi huchukua siku 30. Penye joto la pwani anza kuonja siku ya 20: chemsha yai moja dakika 12, likate. Kiini kikiwa na katikati laini ya manjano iliyofifia, bado. Kikiwa kigumu, cha rangi ya chungwa na chenye mafuta, toa yote, yafute, yaweke kwenye friji na kuchemsha kadiri unavyokula. Chumvi hufyonza maji kutoka kwenye kiini, protini zikakaza na mafuta yakaachiliwa. Ukiyaacha mtungini zaidi, kiini hakinenepi tena sana, ila ute unakuwa wa chumvi isiyolika. Mayai ya kuku yanawezekana, lakini kiini chake kina mafuta machache na hakifikii rangi hiyo. Mtungi ukitoa harufu ya uozo, tupa vyote.

Yai likiwa tayari halimalizwi peke yake. Nusu yai linatosha bakuli zima la uji mwepesi wa mchele usio na sukari. Na kuna matumizi mazuri zaidi, boga la kiini cha chumvi. Kata gramu 300 za boga vipande vya unene wa kidole, vinyunyize nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa dakika 10, futa maji, vivingirishe kwenye wanga, kaanga mpaka viive na kukauka nje. Ponda viini 3 vya mayai ya chumvi yaliyochemshwa. Kwa vijiko 2 vya mafuta na moto mdogo, koroga viini hivyo mpaka vitoe povu la dhahabu, kama dakika moja, kisha rudisha boga na uligeuzegeuze likavikwa. Povu lisipotokea, moto ulikuwa mdogo mno au viini havikukomaa mtungini.

Pidan

Hili ndilo yai jeusi linalowashtua wengi. Wengine huliita yai la miaka mia, lakini halijakaa miaka mia. Ni wiki kadhaa hadi miezi michache. Mayai ya bata hufunikwa kwa udongo wenye chokaa, majivu, chumvi na chai, kisha makapi ya mpunga, au hulazwa kwenye maji yenye viungo vya nguvu hiyohiyo ya kimagadi. Magadi hayo hupenya ganda na kuugandisha ute bila moto, ukawa kama jeli ya rangi ya chai. Kiini huwa kijani cha kijivu kwa sababu ya chuma na salfa kukutana. Yakitoka vizuri ute huwa na michoro kama majani ya msonobari.

Usiyatengeneze nyumbani. Njia ya haraka inatumia sodiamu haidroksaidi, kemikali inayounguza ngozi na macho, na tofauti ndogo ya kipimo inatosha kuliharibu yai. Zamani viwanda vilitumia oksidi ya risasi ili kudhibiti ugumu wa ute, na risasi ni sumu. Kwenye boksi tafuta 皮蛋 pamoja na 无铅, yaani bila risasi.

Menya, suuza, likate, kisha liache wazi dakika 10 hadi 15. Harufu ya amonia inayofanana na ya kwenye choo huondoka yenyewe, na anayeruka hatua hii ndiye anayesema chakula hiki hakiliki. Kisu kipake mafuta au tumia uzi, maana kiini hunata. Ute ukiwa majimaji, tupa. Siki si pambo hapa: asidi yake inapunguza makali ya magadi, kwa hiyo usiiache.

Katika jimbo la Hunan huyatwanga kwenye kinu, nasi vinu tunavyo. Choma pilipili ndefu za kijani zisizo kali, 6 hadi 8, juu ya mkaa mpaka ngozi itoe malengelenge meusi. Funika dakika tano, menya. Twanga punje 3 za saumu na robo kijiko cha chai cha chumvi, ongeza pilipili, twanga mpaka zichanike kuwa nyuzi, si rojo. Tia pidan 2 zilizokatwa robo, pondaponda mara chache tu ili kiini kishike pilipili na ute ubaki vipande. Malizia kwa kijiko 1 cha chakula cha siki nyeusi ya Zhenjiang, vijiko 2 vya chai vya sosi ya soya na matone ya mafuta ya ufuta. Kinu huletwa mezani chenyewe, na huliwa kwa wali wa moto.

Mwenda Guangzhou ajue kwamba uji maarufu wa pidan wa huko, 皮蛋瘦肉粥, una nyama ya nguruwe. Nyama hiyo imeandikwa 瘦肉 bila 猪, na macho yakitafuta 皮蛋 tu, yataipita.

Tofu inayonuka

Shaoxing, jimbo la Zhejiang, huacha mchicha urefuke kama mtu mpaka mashina yawe manene na magumu. Hukatwa vipande vifupi, hulowekwa, huachwa vivunde kidogo kwenye mtungi, kisha hutiwa maji ya chumvi. Ndani ya shina hugeuka jeli yenye harufu kali, hupikwa kwa mvuke pamoja na tofu, na mlaji hufyonza jeli akatupa ganda. Maji yaliyobaki ndiyo yanayolowekea tofu mpaka inuke. Changsha, Hunan, wana maji yao ya kulowekea, na tofu yao hutoka nyeusi.

Hii nayo usiijaribu mtungini kwako bila mwalimu aliye karibu. Vyakula vya soya vilivyochachushwa majumbani ndivyo chanzo kikubwa cha sumu ya botulini, sumu ya bakteria inayoweza kuua, nchini China, na sumu hiyo haina lazima ya kutoa harufu tofauti na ile unayoitarajia. Ukiikuta barabarani, chagua kibanda chenye foleni, ambapo mafuta yanachemka muda wote na tofu inatoka karaini mbele ya macho yako. Mwombe muuzaji atoboe kila kipande katikati na kumimina mchuzi wa saumu na pilipili humo ndani, kisha ule papo hapo ganda likiwa bado kavu; ikipoa, ganda hulegea na harufu pekee ndiyo inayobaki.